MJOMBA KABADILI DIFU, SASA TUNASIKILIZANA

Mpenzi msomaji, najua umefungua ukurasa huu ukitegemea mambo ya mapenzi, au nani kaachwa na nani huko Sinza. Hayo yapo, hayaozi, tutayarudia. Leo nataka tuzungumze habari ya difu. Ndiyo, difu, lile bakuli la chuma lililo katikati ya ekseli, ambalo wengi wetu tunaliona siku gari likiwa limepinduka. Usifunge gazeti! Na dada zangu wasikimbie, maana ndani yake mna habari ya mtu mzima aliyekuwa anapoteza kazi yake kidogo kidogo bila kumwambia mtu.

Pale kijiweni kwetu ubishi wa magari hauna mwisho. Swali huwa ni lile lile: inatembea ngapi? Mmoja atasema 180, mwingine ataapa kwa jina la bibi yake kwamba kaka yake aligusa 220 pale Chalinze. Hakuna hata siku moja niliyomsikia mshikaji akiuliza: ikifika huko, injini inazunguka mara ngapi kwa dakika? Hilo ndilo swali lililobadilisha maisha kwenye familia yetu, na aliyeliuliza si kijana, ni mzee mwenye mvi.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi wa pampu za maji. Wateja wake ni wakulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni na wale wa Ilula, juu ya mlima Kitonga. Mara mbili kwa mwezi anapita Kariakoo kununua sili, beringi na mipira, anavitupia nyuma ya Land Rover yake, huyoo, barabara ya Morogoro. Kwenda, kurudi na mizunguko yake ya mashambani ni kilomita 900 hivi.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya mwaka 1974, ile fupi inayoitwa 88 kwa sababu kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma ni inchi 88. Injini ya dizeli iliyokuja nayo, ya cc 2,286, ilikufa zamani. Mjomba akapachika ya Discovery iliyopata ajali, ile 200Tdi yenye turbo. Hapo akawa mfalme wa milima. Lakini kelele! Bwana wee, ndani ya gari lile mazungumzo yalikuwa ya mabubu. Ukitaka maji unaonyesha chupa. Ukitaka kujisaidia unaonyesha kichaka. Nimesafiri naye tangu niko darasa la sita, na naweza kusema kuwa kati ya Kibaha na Mikumi hatukuwahi kuzungumza sentensi tatu zilizokamilika.

Kisha tukaanza kuona mambo. Televisheni nyumbani kwake inasikika mpaka kwa jirani. Ukimsalimia, "Shikamoo Mjomba", anajibu "Bado hawajaja." Tukacheka. Anti, mkewe, hakucheka. Akamburuza hospitali, akavalishwa vile vidude vya masikioni na kuambiwa anyooshe mkono kila akisikia mlio. Mkono ulinyooka mara chache. Daktari akamweleza kwamba zile sauti nyembamba, za juu, zimepungua sana, na dalili zote zinaonyesha kazi ya kelele za miaka mingi. Kibaya zaidi, sikio likishaharibiwa na kelele halirudi. Dawa yake ni kulinda lililobaki.

Wataalamu wa afya kazini wanatumia desibeli 85 kwa saa 8 kama mpaka ambao mtu hatakiwi kuuvuka bila kinga. Sikuwa na kipimo cha kwenda kuupima ule muziki wa Mjomba, lakini mahali ambapo unampigia kelele mtu aliye umbali wa mkono mmoja na bado hakusikii, huhitaji kipimo kujua kwamba mambo si mazuri.

Kikao cha familia kikakaa. Anti akasema gari liuzwe, kinunuliwe kigari cha Kijapani chenye kiyoyozi. Mjomba akamwangalia kama vile kaambiwa auze mtoto. Akauliza hicho kigari kitaingiaje kwenye majaruba ya vitunguu wakati wa masika. Hakuna aliyejibu. Ndipo akasema, "Nipeni wiki mbili. Nataka kwenda kumuuliza mzee mmoja swali."

Mzee mwenyewe ni fundi wa gereji moja ya uchochoroni pale Ilala, amezeekea kwenye magari haya. Nilikuwepo. Mjomba akamuuliza, "Hivi fundi, kwa nini injini hii kwenye Discovery ilikuwa inanong'ona, kwangu inalia kama mbuzi anayechinjwa?"

Fundi akachukua chaki, akaanza kuandika kwenye mlango wa gereji. Nami nikatoa daftari. Haya, nifuate polepole, hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Land Rover ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama gari la shamba. Walioitengeneza walitaka ivute jembe na tela, ipite kwenye tope. Ili injini ndogo iweze kuvuta, wakaipa meno ya nguvu. Kwenye difu ya Series III, propela inazunguka mara 4.7 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Juu yake kuna ile giaboksi ndogo ya kugawa nguvu mbele na nyuma, mafundi wanaiita transfa, nayo inaongeza 1.148. Zidisha: ukiwa gia ya nne, injini inazunguka karibu mara 5.4 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi.

Tairi za Mjomba ni 7.50-16, ambazo kila zikizunguka mara moja zinameza mita mbili na nusu hivi za lami. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tairi inazunguka mara 533 kwa dakika. Kwa hiyo injini inapiga karibu mizunguko 2,900 kila dakika, na hakuna gia ya tano ya kuipumzisha. Gari la jembe unalilazimisha liwe basi la Mbeya!

"Sasa," fundi akasema, "mwaka 1970 wazungu hao hao walitoa Range Rover, gari la barabara kuu. Difu yake ni 3.54. Na jamaa hawakupoteza muda kubuni bakuli jipya. Hii ya Range Rover ya zamani inaingia kwenye ekseli yako kama mkono kwenye glavu."

Hesabu mpya: 3.54 mara 1.148 ni karibu 4.06. Kilomita zile zile 80, tairi zile zile, injini inashuka mpaka chini kidogo ya mizunguko 2,200. Mizunguko 700 imekufa kwa kila dakika. Kwa saa moja ni zaidi ya 40,000. Na si injini peke yake, hata propela zinazunguka taratibu zaidi, kwa hiyo ule mtetemo wa sakafuni unapungua nao.

Mjomba akauliza kwa nini basi kila mwenye Land Rover asifanye hivyo. Fundi akamwambia maneno ambayo nimeyapigia mstari kwenye daftari: ukiongeza mwendo umeuza nguvu. Hakuna cha bure. Ile injini ya kwanza ya dizeli ilikuwa na nguvu za farasi 62 tu. Ukiipa difu ya Range Rover, kwenye tambarare itajikongoja, na ikiona kilima tu unarudi gia ya tatu, hapo kelele zile zile na mafuta yale yale. Lakini 200Tdi inatoa nguvu za farasi 111, na ule msuli wa kuvuta unafikia kilele kwenye mizunguko 1,800 tu. Maana yake hiyo 2,200 ndipo inapopenda kukaa. Kwenye 2,900 ilikuwa inapigizwa kelele bure.

Zipo njia nyingine. Kuna kile kigiaboksi cha ziada cha ovadraivu kilichokuwa kinafungwa nyuma ya giaboksi, kizuri mno, kwa sababu unakitoa ukitaka nguvu na kukirudisha ukitaka mwendo. Kukipata kizima ni sawa na kumpata mchumba kwenye foleni ya daladala. Kuna wanaoongeza ukubwa wa tairi, lakini mwisho tairi inakula bodi, na faida yenyewe ni kiduchu. Difu zilikuwepo pale pale, kwenye Range Rover iliyoota majani nyuma ya gereji.

Sasa njoo kwenye mshiko. Difu mbili, mafuta yake, sili na ufundi, jumla ilikuwa sawa na bei ya lita 420 za dizeli. Mbona difu mbili? Kwa sababu gari la kuvuta mbele na nyuma likiwa na difu ya 4.7 mbele na 3.54 nyuma, siku ukiingiza miguu yote minne kwenye ardhi ngumu, ekseli moja inataka kwenda na nyingine inabisha, na kitu kitapasuka. Zote mbili zilingane, au usiguse. Halafu kuna meno ya ndani yanayoshika ekseli. Za zamani zina meno 10, baadaye walikuja na 24. Fundi alizihesabu kwa kidole moja moja kabla ya kupokea hata senti.

Kazi ilichukua siku mbili. Safari ya kwanza nilikwenda.

Tulitoka Kimara saa kumi na moja alfajiri. Mjomba akapanda gia, ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaingia ya nne, halafu akabaki anapapasa mkono kwenye kirungu kama mtu aliyesahau kitu. Injini ilikuwa imetulia tu, inaguruma chini chini. Usifikiri imekuwa Benz! Milango bado inagonga, upepo bado unapiga mluzi kwenye vioo. Lakini ile kelele ya kichwani, ile ya kukufanya ufike Morogoro umechoka kama umebebeshwa zege, haikuwepo.

Spidomita ilikuwa inaonyesha 60. Nikamwambia, "Mjomba, hiyo inakudanganya." Kwenye gari hili spidomita inaendeshwa kutoka kwenye transfa, kabla ya difu, kwa hiyo haina habari kwamba huko nyuma mambo yamebadilika. Nikatoa simu, nikapima kwa saa kati ya kibao kimoja cha kilomita na kingine: sekunde 45. Hiyo ni 80 kamili! Fanya hesabu mwenyewe, kinachoonyesha 80 ni 106. Na pale kijijini penye kibao cha 50, sindano itakuwa kwenye 38 tu. Dereva asiyejua atapigwa tochi na trafiki huku akiapa mbingu na ardhi kwamba alikuwa anatembea kistaarabu. Zaidi ya faini, breki za gari lile ni za ngoma magurudumu yote manne. Hazikuongezewa chochote. Mjomba akaninyang'anya kalamu, akachora mistari miwili kwenye kioo cha spidomita, mmoja wa 50 na mmoja wa 80. Mpaka leo ipo, hata baada ya kipimo kurekebishwa.

Tukapita Morogoro, tukapita Doma. Tulipoingia Mikumi, twiga wawili wamesimama kando ya lami kama wanasubiri lifti, Mjomba akaanza kuongea. Kwa sauti ya kawaida! Kwanza aliongea habari ya twiga. Kisha akanyamaza kidogo. Kisha akasema:

"Mpwa wangu, unajua mimi pampu siipimi. Pampu naisikiliza."

Nikamjibu najua. Nimemwona tangu utoto wangu. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa pampu, anaweka sikio kwenye mpini, anafumba macho. Kabla hajafungua boliti hata moja ameshakwambia beringi ya mbele imekwisha au ile feni ya ndani inakwaruza. Hiyo ndiyo jina lake huko Ruaha Mbuyuni. Mafundi wengine wanafungua kwanza, wanatafuta baadaye.

"Beringi ikianza kufa," akasema, "inalia sauti nyembamba sana. Mwaka wa pili sasa siisikii. Nakisia. Juzi nimefungua pampu tatu za watu, zote zilikuwa nzima. Nikazifunga, sikuwadai hela."

Mpenzi msomaji, sikuwa na la kusema. Mwaka wa pili! Mtu anakaa na siri ya namna hiyo, mkewe hajui, sisi tunachekea televisheni. Na huko nyuma angeniambia saa ngapi? Nyumbani kuna watu. Mashambani kuna wateja. Mahali pekee tulipokuwa wawili tu ni ndani ya gari, na ndani ya gari hapakuwa na nafasi ya neno kupita.

Akaniuliza kama naweza kuwa naenda naye mwisho wa kila mwezi, nimsaidie kusikiliza. Alisema kama utani, lakini macho yalikuwa barabarani tu, hakuniangalia. Mimi ni kijana wa kidato cha nne, naandika makala za kulipwa moja moja, ofisi sina. Nikamwambia nitakwenda. Kuanzia pale mpaka bonde la mibuyu alinifundisha kwa mdomo: beringi kavu inalia vipi, pampu inayonyonya hewa inagonga vipi, shafti iliyopinda inaimba vipi. Alikuwa anaigiza sauti zote, mzee wa watu, na nilizisikia zote.

Kesho yake ikaja Kitonga, na pale ndipo tulipolipa deni. Zamani Mjomba alikuwa anaukwea mlima ule kwa gia ya tatu, akiingia ya pili kwenye kona kali tu. Safari hii, tukiwa na pampu mbili na mabomba nyuma, gia ya pili ilianza chini kabisa, na nyuma ya lori lililobeba mbao tukaangukia ya kwanza. Kuondoka pale kwenye kona ulitakiwa utulivu na klachi, maana gia ya kwanza nayo imekuwa ndefu kwa theluthi nzima. Hata breki ya mkono imepungua ubavu. Kwenye gari hili inashika propela, na nguvu yake inafika kwenye gurudumu kwa kupitia difu hiyo hiyo. Tuliposimama niliweka jiwe nyuma ya tairi, na tangu siku hiyo kuna jiwe la kudumu chini ya kiti changu.

Mafuta je? Niliandika kila lita. Zamani gari lilikuwa linakwenda kilomita 8 kwa lita moja. Sasa linakwenda 9.2. Kwa safari ya kilomita 900 tunaokoa lita 14 na nusu hivi. Ukigawanya zile lita 420 za gharama, inatakiwa safari 29 ndipo hela irudi. Kwa safari mbili kwa mwezi ni karibu mwaka mmoja na miezi mitatu. Sasa wewe unayeendesha kilomita 10 kwa siku kutoka Mbezi kwenda Mwenge, ukisimama na kuondoka kwenye foleni, ukimsikia mtu anakushawishi kubadili difu ili uokoe mafuta, mwambie akuache upumzike. Kwenye foleni hutaifikia hata hiyo gia ya nne, na klachi ndiyo itakayokulipisha.

Kabla ya kuagiza chochote, hesabu wiki yako. Kilomita ngapi ni barabara kuu, ngapi ni mlima, ngapi ni foleni? Injini yako ina msuli wa kutosha chini, au inavuta mpaka uipigie kelele? Ukishajua hayo ndipo uende kwa fundi, tena yule anayehesabu meno kabla ya kuhesabu hela. Rekebisha spidomita siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Na breki zikaguliwe, kwa sababu gari likitulia mguu unakuwa mzito bila mwenyewe kujua.

Mjomba sasa anaendesha akiwa na vile vijipamba vya plastiki masikioni, daktari alisisitiza. Yale yaliyopotea hayakurudi na hayatarudi. Anti nimemweleza ukweli wote, kwa ruhusa ya mwenyewe, na alilia kidogo kisha akaenda kupunguza sauti ya televisheni, halafu akaipandisha tena.

Mwisho wa mwezi uliopita, kule Ruaha Mbuyuni, mkulima mmoja alileta pampu yake inayolalamika. Mjomba akanipa bisibisi. Nikaweka mpini sikioni, nikafumba macho kama yeye. Nikamwambia beringi ya nyuma. Akafungua. Ilikuwa ya mbele. Mkulima akacheka, Mjomba akacheka, akaniambia, "Angalau umesikia kwamba ni beringi."

Safari nyingine ni Jumamosi hii. Ukiona Land Rover fupi pale Chalinze, ina jiwe chini ya kiti na watu wawili ndani wanapiga soga, tupungie mkono. Haya, tukutane wiki ijayo, na yale ya Sinza nitakuletea.